Mjadala wa Kisanduku cha Umeme: Upesi Ukae Wapi?

Katika Ngamiani, mtaa wa Tanga ambao barabara zake zimepewa nambari, ipo baraza moja ya saruji ambayo kila siku baada ya sala ya alasiri huhudhuriwa na watu wa kazi mbalimbali waliochoshwa na jua. Na kwa kuwa uchovu wa mwili hauuzuii ulimi, mambo mengi yaliyostahili kupelekwa kwa wataalamu huamuliwa pale kwanza, kisha wataalamu wakapelekewa habari. Jambo lililoletwa siku ninayoieleza lilikuwa dogo kwa umbo, halikuzidi upana wa kitabu kilichofunguliwa, walakini liliigawa baraza kwa muda wa jioni mbili. Bibi mmoja, jirani yetu mwenye murua, aliyekuwa amemaliza kujenga vyumba vitatu nyuma ya nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, alitaka kujua anunue kisanduku gani cha kugawia umeme. Na sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba kifungwe upesi, kwani arusi ya binti yake ilikuwa imebakiza siku kumi na moja, na wageni wa kutoka Pemba walikuwa wamekwisha kata tikiti.

Istilahi zetu hapa zina mchezo kidogo, nami naomba radhi nizitengeneze kabla ya kuwapa nafasi wasemaji. Mafundi wa kwetu hukiita kisanduku chote hicho meni swichi, kwa jina la swichi moja kubwa iliyomo ndani yake, mfano wa mtu anayeiita nyumba nzima mlango. Majirani zetu wa Mombasa na Nairobi husema konsyuma yuniti, jina walilolipokea kwa Waingereza bila ya kulivua koti. Mimi nitasema kisanduku. Ndani yake mna swichi kuu, mna breka ambazo kila moja huilinda njia yake ya waya, na katika visanduku vya siku hizi mna kikata-mvujo, ambacho mafundi hukitaja kwa herufi RCD, chenye kazi ya kuuzima umeme mara tu sehemu yake ndogo inapopotea njia, ikapita katika mwili wa mtu au katika ukuta ulioloa.

Fundi Kijana, aliyehitimu VETA na mwenye leseni ya EWURA mfukoni, ndiye aliyefungua maneno, baada ya kuwaamkia wakubwa mmoja mmoja.

Fundi Kijana: "Bibi, kisanduku ninachokusihi ununue ni kile kinachotoka kiwandani kikiwa kimekwisha pangwa: swichi kuu ipo, kikata-mvujo kipo, breka zimekaa juu ya reli yake, na chini yao umepita mkanda wa shaba wenye meno kama kitana, ambao huzilisha breka zote kwa pamoja. Mimi nitaingiza nyaya za nyumba tu. Nyumba yako ina njia sita: mbili za taa, mbili za soketi, moja ya friji na moja ya pampu ya maji. Lau ningefunga kwa mtindo wa zamani, ningekata vipande sita vya waya, kimoja kutoka swichi kuu na vingine kutoka breka hadi breka, na kila kipande kina ncha mbili za kumenya na kukazwa. Hizo ni ncha kumi na mbili ambazo kitana kinaniondolea kabla sijafungua mkoba wangu. Kwa nini nikulipishe ujira wa siku nzima kwa kazi iliyokwisha kufanywa na mashine?"

Fundi Mzee: "Mwanangu, umesema vizuri, na wala siukatai ujuzi wako. Lakini mimi nilijifunza kazi hii wakati kisanduku kilikuwa cha chuma kizito na fyuzi zake ni za kigae, na fyuzi ilipokatika mtu alitengeneza kwa unyuzi wa shaba. Najua wewe unazicheka fyuzi zile, na una haki ya kuzicheka, kwa sababu nimeona nyumba ambamo mwenyewe, alipokosa unyuzi wa kadiri, alitia mkanda wa karatasi ya sigara unaong'aa, akalala usingizi. Illa jambo moja nililipata kule: hapakuwa na skrubu niliyoiamini kabla ya kuikaza kwa mkono wangu. Sasa hicho kisanduku chako kimesafiri baharini majuma mangapi, kikarukaruka ndani ya lori kutoka bandarini hadi dukani, na wewe unasema kazi imekwisha kufanywa. Je, utazirudia skrubu za kiwandani, au utaziamini kwa kuwa zilikazwa na mashine?"

Kijana alinyamaza kitambo, kisha akakiri kwa insafu kwamba kijikaratasi kinachokuja na kisanduku humwamuru fundi azirudie skrubu zote, hata zile za kiwandani, na tena kwa bisibisi yenye kipimo, aghalabu yapata nyutoni-mita mbili kwa breka za nyumbani. Na akakiri vilevile kwamba kijikaratasi hicho hutupwa pamoja na boksi.

Hapa napenda niingilie kati, kwa maana jambo hili la skrubu ndilo kitovu cha mjadala, ingawa barazani lilipita kama mzaha. Waya uliolegea haukati umeme. Laiti ungekata, tungelitambua kosa siku ile ile. Waya uliolegea huendelea kupitisha umeme kwa shida, na shida hiyo hugeuka joto. Joto huivimbisha shaba, na taa zinapozimwa shaba hunywea, na kila kuvimba na kunywea huzidisha ulegevu, hata baada ya miezi au miaka mahali pale panakuwa jiko dogo lililofichwa ndani ya ukuta, na breka haina habari, kwa sababu breka huhesabu wingi wa umeme na wala haihesabu joto la skrubu ya jirani yake. Waingereza, ambao kanuni zao ndizo mama wa kanuni nyingi za mafundi wetu, walipochoka na moto wa visanduku vya plastiki uliotokana aghalabu na viungo vilivyolegea, walibadilisha kanuni yao iitwayo BS 7671, na tangu tarehe 1 Januari 2016 kisanduku kipya cha nyumbani kwao hutakiwa kiwe na gamba lisiloshika moto, kama vile la chuma cha pua au bati la chuma. Yapasa tuzingatie kwamba kanuni ile haikuuzuia waya kulegea. Ilikubali tu kwamba mikono ya watu wenye haraka italegeza, ikataka moto ukizuka ubaki ndani.

Basi Bi Mwenye Nyumba, ambaye alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya mlango akisikiliza kwa makini kuliko wote, akauliza swali lililowatia wote wawili mashakani.

Bi Mwenye Nyumba: "Kwa hiyo ninunue cha chuma? Semeni neno moja, wanangu, maana nina mchele wa kuchagua."

Fundi Kijana: "Cha plastiki ni chepesi, Bibi. Natoboa ukuta mara nne, nakitundika, matundu yake ya kuingizia nyaya huvunjwa kwa kidole. Cha chuma kinataka nyundo, kinataka vipete vya mpira kila tundu ili nyaya zisichunwe na ukingo wa bati, na hapa kwetu upepo wa bahari utakitia kutu."

Fundi Mzee: "Kutu si kitu, kwa kuwa kitakaa ukumbini mbali na jiko na dirisha. Lililopo ni kubwa kuliko kutu. Sikiliza, kijana, nikuulize mbele ya hadhara hii: waya mkubwa unaotoka kwenye mita ya LUKU na kuingia kisandukuni, ukichunika ukagusa gamba la chuma, umeme utakwenda wapi?"

Fundi Kijana: "Utakwenda ardhini, kupitia fito la shaba tulilolichomeka."

Fundi Mzee: "Na fito lako lina ukinzani gani?"

Kijana akataja omu hamsini, kadiri ambayo kwa ardhi nyingi ni ya kujivunia. Mzee akaomba kipande cha mkaa akaandika juu ya sakafu ya baraza: volti 230 gawanya kwa 50, ni ampea 4.6. Kisha akamwangalia kijana bila ya kusema, nasi tuliosoma hesabu kidogo tukamwangalia pia. Ampea nne na nukta sita hazitoshi kuitikisa hata breka ndogo ya taa, sembuse ile ya ampea 63 iliyo karibu na mita. Kwa hiyo gamba la chuma lingebaki limejaa umeme, limenyamaza, likimngojea mtoto wa kwanza anayetaka kujua kilichomo. Ndiyo sababu ya kuwapo kikata-mvujo, ambacho huruka kwa mvujo wa miliampea 30, yaani sehemu tatu katika mia za ampea moja, na katika nyumba zetu, ambazo ardhi yake ni fito lake lenyewe wala si waya ulioletwa na shirika la umeme, kifaa hicho si pambo bali ndicho nguzo. Walakini kikata-mvujo hulinda kilicho baada yake tu. Kipande cha waya kati ya mita na kifaa hicho hakina mlinzi ila umakini wa aliyekifunga. Basi anayenunua gamba la chuma hununua pamoja nalo wajibu wa kuubana waya mkubwa kwa kishikio chake, katika tundu lenye kipete imara, na dakika ishirini za kazi hiyo haziwezi kupunguzwa na kiwanda chochote.

Wakati huo Mwenye Duka la vifaa vya umeme, aliyekuwa amefunga mapema akatukuta, aliomba nafasi.

Mwenye Duka: "Jamaa zangu, msimtie Bibi hofu. Ninacho cha chuma kilichopangwa tayari, na ninacho kingine ambacho breka zake hazifungwi kwa skrubu, bali waya husukumwa ndani ukabanwa na springi. Huo ndio upesi wa kweli. Ila nawausia: msichanganye. Watu huja kwangu wakanunua kisanduku cha kiwanda hiki, wakaenda kwa jirani wakanunua breka za kiwanda kile kwa kuwa ni nafuu, kisha meno ya kitana hayakai sawasawa katika vinywa vya breka, moja linaingia, moja linashika nusu. Na mnunuapo breka, someni usoni pake: herufi na ampea, kama C20, na chini yake, ndani ya mstatili, 6000, ambazo ndizo ampea za ghafla inazoweza kuzikata bila ya kupasuka. Isiyo na mstatili huo, au iliyoandikwa wino unaofutika kwa ukucha, muirudishe."

Sikumwona mfanyabiashara huyu akisema uongo hata neno moja, ingawa niliona kwamba kweli alizozichagua zote zilikuwa zinauzwa dukani kwake. Kuhusu springi nitasema kwa ufupi: ni jambo zuri, kwani springi huufuata waya unapovimba na kunywea, na skrubu haijui kufuata, lakini waya wa nyuzi nyingi huhitaji kuvishwa kijimrija cha shaba kwanza, na urefu wa kumenya lazima uwe ule uliochorwa ubavuni mwa breka, si kwa kukadiria.

Pale pale mgeni mmoja kutoka Handeni, aliyekuja kuuza machungwa akachelewa basi, akasema kwa mshangao kwamba anastaajabia mambo makubwa hivi.

Mgeni wa Handeni: "Mimi kijijini kwangu umeme ulipofika kwa mradi wa REA, nililetewa kile kifaa cha Umeme Tayari, UMETA. Kibao kimoja ukutani: breka yake, soketi zake, taa yake. Sikuchimbua ukuta, sikuweka nyaya darini. Kulipokucha sina umeme, kulipokuchwa ninao."

Baraza ilimcheka, na mimi nasema ilikosea. Kifaa kile ni kisanduku cha upesi kuliko vyote vilivyotajwa jioni ile, na wazo lake si la ubahili: Afrika Kusini walivitumia vibao vya namna hiyo katika miaka ya 1990, walipokuwa wakipeleka umeme kwa mamia ya maelfu ya nyumba kila mwaka, nyingi zikiwa ndogo na zenye kuta zisizokubali tindo. Mtu mwenye chumba, taa, redio na simu hana sababu ya kungoja apate fedha za kutandaza nyaya nyumba nzima. Bi Mwenye Nyumba, mwenye friji, pampu na pasi, si mtu huyo, na hapo ndipo mgeni wetu alipokubali, akahesabu machungwa yake.

Jioni ya pili ilianza kwa swali la giza. Bi Mwenye Nyumba alikuwa amesikia kwa shoga yake kwamba kikata-mvujo kikiruka, nyumba nzima huzimika, akasema hataki kuhesabiwa miongoni mwa watu waliomwoza binti yao kwa mshumaa.

Fundi Kijana: "Ni kweli, Bibi, ikiwa kipo kimoja. Friji ikivuja usiku, taa zote zinakwenda nayo. Dawa ya kwanza ni breka ambazo kila moja ina kikata-mvujo chake ndani, lakini bei yake, kwa njia sita, itakula nusu ya fedha za arusi. Dawa ya pili ni kisanduku chenye vikata-mvujo viwili. Friji na pampu, ambavyo viko karibu na maji, tutaviweka chini ya kimoja. Taa na soketi chini ya kingine."

Fundi Mzee: "Na niutro je?"

Swali hili la maneno matatu lilikuwa ndilo la kifundi kuliko yote, na kijana akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Kila kikata-mvujo kina paa lake la niutro, na niutro ya njia moja ikifungwa kwenye paa la jirani, vifaa vyote viwili huona umeme unatoka hapa na kurudi kule, vikadhani kuna mvujo, vikaruka kila taa inapowashwa. Fundi asiyejua hushinda siku akitafuta ugonjwa ambao aliutia yeye mwenyewe kwa sekunde tano. Kijana akasema kwamba huandika nambari kwenye kila waya kabla ya kuuingiza, breka ya kwanza na niutro ya kwanza na ardhi ya kwanza, na kwamba huo ndio upesi aliofundishwa. Mzee akasema, "Ahsante," neno ambalo yeye halitoi kwa wepesi.

Lakini aliyedhani amani imekuja alikosea, kwani kijana, kwa furaha ya kusifiwa, aliongeza kuwa baada ya kufunga atabonyeza kitufe chenye herufi T, kikata-mvujo kitaruka, na Bibi ataoneshwa kwa macho yake kwamba nyumba ni salama.

Fundi Mzee: "Hapo, mwanangu, unampa Bibi shahada ya uongo, na wewe hujui. Kitufe kile hupitisha umeme kidogo ndani ya kifaa chenyewe, kati ya layini na niutro, bila ya kuteremka ardhini hata shubiri moja. Kitaruka hata kama waya wa ardhi umekatwa. Kitaruka hata kama fito la shaba bado limo ndani ya mkoba wako. Kitufe kinashuhudia kwamba kifaa ki hai. Hakishuhudii ardhi. Ardhi ina kipimo chake, nacho ni mita ya ardhi, na usipokuwa nayo, azima."

Sijapata kuona kijana akipokea kosa kwa adabu kama yule. Hakujitetea, aliuliza tu, kipimo kikitoka juu afanye nini, akajibiwa kwamba zaidi ya omu 200 haifai kutegemewa, kwa sababu kiangazi udongo hukauka na hesabu ya masika ikaharibika, na kwamba dawa ni kuunganisha fito la pili juu ya la kwanza na kuteremka zaidi mpaka kwenye unyevu.

Mimi, niliyekuwa nikiandika yote haya, nina rai yangu, wala sitaificha nyuma ya wasemaji. Upesi wa kisanduku ni wa namna mbili, na dukani haziwezi kutambuliwa kwa bei. Upo upesi unaotokana na kupunguzwa kwa viungo: kitana mahali pa vipande vya waya, paa la niutro lililopangwa kwa mfuatano wa breka, reli inayotoka ili fundi aunge nyaya kwenye mwanga badala ya kuchungulia, nafasi ya kutosha kupitisha vidole, huo ununuliwe bila kusita, maana kila kiungo ambacho hakipo hakiwezi kulegea. Na upo upesi unaotokana na kuacha: gamba jembamba linalopindika skrubu zikikazwa, sanduku dogo lisilo na nafasi hata moja ya ziada, kikata-mvujo kilichoondolewa ili bei ishuke. Wa pili huu humfaa muuzaji na fundi kwa siku moja. Na mwenye nyumba akinunua ule wa kwanza, saa alizoziokoa si zake za kuzipeleka kwingine. Ni za bisibisi yenye kipimo, za mita ya ardhi, na za kuandika kando ya kila breka, kwa Kiswahili kinachosomeka, "taa za ukumbi", "friji", "pampu", ili siku ya hitilafu mtoto wa nyumba ajue azime ipi.

Bi Mwenye Nyumba alinunua kisanduku cha chuma kilichopakwa rangi, cha njia nane, chenye vikata-mvujo viwili na vitana vyake, breka zote za kiwanda kimoja. Njia sita zilitumika. Mbili zilizobaki zilizibwa kwa vifuniko, kwani Fundi Mzee alishikilia kwamba mjusi kafiri huingia penye tundu, akafia kati ya layini na niutro, na familia ikalilaumu shirika la umeme, TANESCO. Kazi ilifanywa siku ya Jumanne, vijana wawili na mzee mmoja wa kuwaangalia. Kisanduku kilianza kufungwa saa tatu asubuhi, na saa nne na nusu kilikuwa kimekwisha, skrubu zote zimerudiwa. Fito la ardhi lilianza kuchomekwa saa tano. Chini ya udongo likakuta jiwe, likahamishwa mara mbili, likaungwa la pili, na mita ya kuazima ikasoma omu 84 wakati mwadhini alipokuwa akiadhini magharibi.